Kufundisha Jazi ya Awali: Nani Alilima, Nani Alivuna?

Utamaduni wa umma hauzuki hewani. Huzaliwa katika kazi, katika dhiki na katika mapambano ya watu. Kwa hiyo mwalimu anayefundisha jazi kama orodha ya majina ya Wamarekani mashuhuri hajafundisha kitu. Na yule anayeikataa kuwa ni kasumba ya kigeni, naye amepotoka. Wote wawili wanamnyima mwanafunzi swali la msingi: nani aliuumba muziki huo, na nani alifaidika nao?

Historia inajibu. Katika karne ya 19, mjini New Orleans, watumwa wenye asili ya Afrika walikusanyika Jumapili katika uwanja wa Congo Square, wakapiga ngoma na kucheza. Utumwa ulifutwa mwaka 1865, lakini mwaka 1896 Mahakama Kuu ya Marekani ilihalalisha ubaguzi. Wazao wa watumwa walichukua tarumbeta na klarineti, vyombo vya bendi za kijeshi, wakavipa mahadhi yao. Hapo ndipo ilipozaliwa jazi. Hata hivyo, santuri ya kwanza ya jazi, ya mwaka 1917, ilipigwa na bendi ya Wazungu watupu, Original Dixieland Jass Band. Bendi ya King Oliver, aliyekuwamo kijana Louis Armstrong, ilirekodi mwaka 1923. Waliolima hawakuwa wa kwanza kuvuna.

Huku kwetu mwendo ulifanana. Ngoma ya beni ilianza pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, vijana wakiigiza gwaride na tarumbeta za wakoloni. Vita vya 1914–1918 vikaieneza bara. Dar es Salaam Jazz iliundwa mwaka 1932, Morogoro Jazz mwaka 1944. Lakini mwanafunzi aelezwe wazi kwamba neno "jazz" katika majina hayo halikuwa na maana ya muziki wa New Orleans. Lilikuwa jina la bendi ya dansi yenye vyombo vya kisasa, na mahadhi yake mengi yalitokana na santuri za Kuba, muziki ambao nao uliumbwa kwa sehemu kubwa na wazao wa watumwa wa Kiafrika.

Desemba 1962 Mwalimu Nyerere alisikitika kwamba shule za wakoloni zilitufundisha nyimbo za Kizungu, na wengi wetu hatukujua gombe sugu wala lelemama. Lawama ile ilikuwa ya haki. Lakini mwaka 1969 muziki wa soul ulipopigwa marufuku Dar es Salaam, shabaha ilikosewa. Amri ilizima sauti ya watu weusi wa Marekani bila kupambanua kati ya mnyonge anayeimba na kampuni inayomwuza. Amri haifundishi, uchambuzi ndio unaofundisha.

Kwa mwalimu wa Dodoma, uchambuzi huo uanzie nyumbani. Wagogo wana zeze, wana ilimba, wana muheme inayopigwa na wanawake, na uimbaji wa sauti nyingi zinazopishana na kupatana. Hukwe Zawose, mwana wa Ugogo aliyefariki mwaka 2003, aliufikisha muziki huo majukwaa ya dunia. Lakini tangu mwaka 1950, chini ya Mwingereza, Hugh Tracey alikwisha kuurekodi, na kanda zikaenda kuhifadhiwa Afrika Kusini. Kuhifadhi ni jambo jema. Hata hivyo, kijana wa Ugogo anayelazimika kutafuta ng'ambo sauti ya babu yake ana haki ya kuuliza swali lile lile la New Orleans.

Basi somo la jazi lisiishie kwenye santuri. Wanafunzi wasikilize Armstrong asubuhi, na jioni waende kijijini kwa wapiga muheme, wawaulize nani aliwafundisha, wanapiga wakati gani, na wanalipwa nini wanaporekodiwa. Waandike majibu kwa Kiswahili na kuyaweka katika maktaba ya shule. Mwanafunzi aliyefanya hivyo ataelewa jazi kuliko aliyekariri majina mia, naye atakuwa ameanza kulinda mali ya umma wake.