Kiunzi Kilichozaliwa Gazetini

Mwaka 2003, idara ya mtandao ya gazeti la Lawrence Journal-World, katika jimbo la Kansas nchini Marekani, ilikuwa ikiendesha tovuti zake kwa lugha ya PHP, na kadiri tovuti hizo zilivyopanuka ndivyo ilivyozidi kuwa taabu kuzitunza. Ndipo Adrian Holovaty na Simon Willison, huyu wa pili akiwa bado mwanafunzi kutoka Uingereza aliyekuja kwa mwaka wa mazoezi, walipoazimu kuhamia lugha ya Python, na katika kuhama huko wakaunda, pasina kukusudia, kiunzi cha programu kinachojulikana leo kwa jina la Django.

Jinsi walivyofika hapo yastahili kuzingatiwa na kila mwenye kujifunza sanaa hii. Wahariri hawakuwa na subira: likizuka jambo, walitaka programu kamili baada ya siku chache, pengine baada ya saa chache. Basi waandishi wale wa programu walitunga moja, wakatunga ya pili, wakazitazama pamoja, na sehemu iliyofanana wakaitenga ili itumike katika ya tatu. Aghalabu ya yaliyomo katika Django, kwa hiyo, yalikwisha kutumika katika kazi halisi kabla ya kutolewa bure kwa umma mwezi wa Julai 2005. Na kwa rai yangu hiyo ndiyo fadhila yake kubwa.

Kiini chake ni kukieleza kitu mara moja tu. Mwandishi wa programu huandika, mathalani, kwamba habari ina kichwa kisichozidi herufi 200, ina tarehe ya kuchapishwa, na ina mwandishi ambaye sifa zake zimehifadhiwa kwingine. Na kutokana na maelezo hayo machache Django hutunga amri za SQL za kuunda jedwali katika hifadhidata, hukagua yanayoingizwa, na, jambo ambalo bado lanistaajabisha, hujenga kurasa za usimamizi zenye fomu, orodha na ruhusa za watumiaji. Mhariri asiyejua hata neno moja la Python aliweza kuanza kuingiza habari zake ilhali msanifu angali akipanga sura ya tovuti, wala mmoja hakumngoja mwenziwe. Walakini kurasa hizo ziliundwa kwa ajili ya watu wa ndani ya ofisi. Anayezigeuza kuwa uso wa tovuti yake mbele ya umma huishia kupambana nazo.

Violezo vya kurasa navyo vilinyimwa kwa makusudi uwezo wa kutekeleza Python, ili msanifu asiweze kuharibu hesabu za ndani. Na tangu toleo la 1.0, la Septemba 2008, alama za HTML zilizomo katika maandishi ya mgeni hubatilishwa zenyewe, hata hila iliyofichwa ndani ya maoni isipate kutekelezwa katika kivinjari cha msomaji mwingine.

Lakini wepesi huu una gharama, nayo imejificha. Tuseme ukurasa unaorodhesha habari 50, kila moja na jina la mwandishi wake. Msimbo wake ni mistari michache, safi kabisa kwa kuutazama. Kumbe hifadhidata huulizwa mara moja kwa ajili ya habari zote, kisha mara moja tena kwa kila habari ili kumpata mwandishi wake, yaani mara 51. Agizo la select_related huyaunganisha majedwali mawili na kuyaleta yote kwa swali moja. Asiyeijua SQL hawezi kuliona kosa hili, kwa maana ukurasa huonekana sahihi, na kwenye kompyuta yake, yenye habari chache za majaribio, hufunguka upesi. Ucheleweshaji hudhihiri baadaye, wasomaji wakiwa wengi.

Nakusihi, basi, msomaji unayeanza kazi hii: kabla ya kumkabidhi mteja ukurasa wowote, washa DEBUG kwenye kompyuta yako, tazama connection.queries, na usome kila swali ambalo Django imelituma kwa niaba yako.