Mwalimu Mpya wa Sekondari ya Kata

Juni, baridi ya Mufindi na Uporoto, Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, huuma hadi vidole vinakataa kushika chaki. Mwalimu mpya yuko ubaoni asubuhi hiyo. Huenda amehitimu chuo cha Mkwawa, mjini Iringa. Huenda ametoka Pwani na hajui neno la Kihehe wala la Kinyakyusa.

Tangu 2016, ada ilipofutwa hadi kidato cha nne, madarasa yamejaa. Aliyesomea Kemia na Biolojia hukabidhiwa na Hisabati pia, kwa kuwa hakuna mwingine. Kazi ngumu kuliko zote iko kidato cha kwanza: watoto waliosoma miaka saba kwa Kiswahili sasa wanatakiwa kuielewa Fizikia kwa Kiingereza. Sentensi moja mwalimu huifundisha mara mbili, kwa lugha mbili, huku mada za muhtasari zikirundikana. Usiku yapo madaftari ya kusahihisha na maandalio ya somo la kesho. Na mshahara wa kwanza unaweza kuchelewa.

Ujira wake mwingine hauandikwi kwenye hati ya mshahara. Msichana aliyezoea kukaa kimya nyuma ya darasa ananyoosha mkono, anajibu kwa Kiingereza cha kuungaunga, na jibu ni sahihi. Naamini hapo ndipo walimu wengi wapya huacha kuwaza uhamisho.

Wazazi wa Kilolo na Rungwe, mwalimu mgeni akifika kijijini, mtafutieni chumba kisichovuja. Mtihani wa Taifa wa Novemba watoto wenu wataufanya kwa yale aliyowafundisha.