Dawa Haichakai

Ng'ambo ya Ifakara, enzi mto Kilombero ukivukwa kwa kivuko, nilimuuliza mama mmoja aliyekuwa akipepeta mpunga: "Mama, dawa ya chandarua chako imechakaa?" Akatua ungo. "Mwanangu, dawa nayo huchakaa kama kanga?" Wenzake wakaangua kicheko. Nami nikacheka nao, ingawa dodoso nililokuwa nikimsomea nililitafsiri mwenyewe.

Kwenye Kiingereza paliandikwa "worn off". Mimi nilisoma "worn out". "Wear" peke yake ni kuvaa. Ikifuatwa na "out" ni kuchakaa, kama kanga au soli ya kiatu, na hata mtu aliyechoka hoi husemwa hivyo. Ikija "off", ni nguvu ya kitu kupungua hadi ikaisha: ganzi ya daktari wa meno, pombe ya jana, dawa. "Down" nayo ni kumsumbua mtu mpaka akubali yaishe. Kitenzi ni kilekile, ila kineno kinachokifuata ndicho kilichojitwika mzigo wote.

Bondeni kule kineno hicho kilikuwa na bei. Mwishoni mwa miaka ya 1990, vyandarua na dawa yake viliuzwa Kilombero na Ulanga kwa jina la Zuia Mbu, na watu wakichovya vyandarua vyao wenyewe. Chandarua kikichakaa, unanunua kingine. Dawa ikiisha nguvu, chandarua bado ni kizima. Unakichovya tena, basi. Mtafsiri anayechanganya "out" na "off" humfanya mtafiti ahesabu vyandarua vibovu palipopungua dawa tu.

Ndiyo maana nawasifu watafsiri wa madodoso, watu ambao majina yao ni nadra kuyaona kwenye ripoti. Ifakara ina maabara ya utafiti tangu 1957, Waswisi walipoianzisha, na tangu hapo ni maswali mangapi yamepita mikononi mwao! Aliye hodari hakimbilii kamusi kwanza. Hujiuliza: jambo hili likimpata mtu wa hapa, atamwelezaje jirani yake? Kisha tafsiri hupewa mwenzake ambaye hakukiona Kiingereza cha swali la awali, airudishe kwenye Kiingereza. Kikirudi "worn out" palipotoka "worn off", kosa limenaswa kabla halijapanda kivuko. Sisi siku ile haraka ilitushinda, hatua hiyo tukairuka.

Najifariji kwamba sikuwa wa kwanza kujikwaa. Samuel Johnson, katika utangulizi wa kamusi yake ya Kiingereza ya 1755, alikiri kwamba vitenzi vya namna hii huwatesa sana wageni. Lakini na wageni wa Kiswahili nao waulizwe. Funga, fungua, fungia, fungana, fungasha: sisi tunakunja mkia wa kitenzi, Mwingereza anakiacha kama kilivyo na kukitafutia mwenzi. Mahali pengine hatuhitaji hata mkia. Mkulima wa mpunga anayefukuza ndege shambani anawinga, neno moja, kazi imekwisha. Na kuna mahali ambapo mkia hautoshi. Nimeligeuza "worn off" kila upande na sijapata kitenzi kimoja cha kulibeba. Lazima uite "nguvu" ije isaidie. Kulijua hilo, na kutoona haya kuandika maneno mawili penye moja, ndiko kuijua kazi hii.

Wiki iliyofuata nilivuka tena na karatasi mpya. Yule mama alikuwa palepale na ungo wake.

"Shikamoo mama. Nguvu ya dawa ya chandarua imeisha?"

"Marahaba. Tangu masika," akasema, na kuendelea kupepeta.