Sifa za Kulinganisha Wastani

Katika kazi za akili ambazo mwenye mkahawa aweza kuzifanya usiku, baada ya masufuria kuoshwa na wapishi kwenda zao, sioni iliyo bora kuliko ile ya kuyagawa mapato yake katika makundi mawili au matatu, akatafuta wastani wa kila kundi, kisha akajiuliza kwa moyo safi kama tofauti anayoiona ni ya kweli au ni mchezo wa bahati. Kazi hiyo mteja aliyeshiba haijui, wala haionekani mlangoni. Lakini ndani yake mna uadilifu ambao hukosekana mno katika biashara ya chakula, ambamo kila mtu ana rai yake, na rai inayofuatwa aghalabu ni ya mwenye sauti kubwa.

Mtu amepunguza bei ya biriani siku ya Ijumaa, ama ametangaza redioni, ama ameandika upya orodha ya vyakula. Juma lile mauzo yakapanda, naye akaamini kuwa baraka ile imeletwa na hila yake. Lakini mauzo ya mkahawa hayatulii. Mishahara imelipwa, mvua imekatika, meli imetia nanga, harusi imejaza wageni mtaani. Na Ramadhani ikiingia, jiko lililokuwa likivuma adhuhuri hunyamaza mpaka magharibi. Hata katika saa moja ya siku moja, meza hii huagiza samaki wa kupaka na sharubati, na ile ya jirani hunywa chai ya rangi ikaondoka. Kwa hiyo wastani peke yake hausemi neno la kutegemewa mpaka uwekwe kando ya mtawanyiko wa hesabu zilizouzaa. Kadhi akisikiliza mashahidi wachache ambao kauli zao zakaribiana, aweza kukata shauri. Wakihitilafiana, huhitaji wengi zaidi, na pengine huwaacha waende pasipo hukumu. Ndivyo ilivyo hapa: tofauti ya wastani hugawanywa kwa kipimo cha shaka iliyomo ndani ya makundi yenyewe, na shaka hiyo hupungua polepole, kwani atakaye kuipunguza ikawa nusu hana budi kuzihesabu meza mara nne ya zile za kwanza.

Hupendezwa kila nikumbukapo kwamba elimu hii ilipata nguvu yake katika nyumba ya biashara ya kinywaji. William Sealy Gosset, aliyesoma kemia na hisabati Oxford, aliingia mwaka 1899 katika kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin, na huko akakutana na tatizo ambalo kila mwenye duka analijua: majaribio ya shayiri na ya kimea yalikuwa machache, ghali, na yenye kuhitilafiana, ilhali kanuni za takwimu za zama zile zilitaka mamia ya vipimo. Alikwenda London kusoma kwa Karl Pearson, na mwaka 1908 akachapisha katika jarida la Biometrika njia ya kuhukumu wastani uliotokana na vipimo vichache. Na kwa kuwa kiwanda hakikuruhusu wafanyakazi wake kujitangaza kwa majina yao, alijiita Student. Mtu huyo alitufundisha kuwa uchache wa ushahidi si sababu ya kukata tamaa, maadamu mtu akubali kuulipia kwa kuongeza hadhari.

Ronald Fisher, aliyeanza kazi mwaka 1919 katika mashamba ya utafiti ya Rothamsted huko Uingereza, aliongeza mawili ambayo mwenye mkahawa hana budi kuyashika. La kwanza ni kuyagawa makundi kwa kura: asiwape bei mpya wateja wa Ijumaa na bei ya kale wateja wa Jumatatu, kwani hapo atakuwa amezilinganisha siku, wala si bei. La pili ni kuyapima makundi mengi kwa pamoja, kwa kuchambua mtawanyiko. Maana ayalinganishaye makundi matatu mawili mawili, akiridhia kila mara hatari ya kudanganyika ya asilimia 5, mwisho hujikuta amebeba hatari zaidi ya maradufu ya ile aliyodhani.

Tazama jinsi jambo lilivyo dogo na uangalifu ulivyo mkubwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002 na David Strohmetz na wenzake huko Marekani, kuhusu kipande cha chokoleti kinachotolewa pamoja na hesabu ya chakula. Waliyagawa makundi 80 ya walaji katika mafungu manne kwa kura. Wasiopewa kitu walitoa bakshishi ya wastani wa asilimia 18.95, waliopewa kipande kimoja, 19.59, waliopewa viwili, 21.62; na wale ambao mhudumu aliwapa kimoja, akaanza kuondoka, kisha akageuka akawapa cha pili, 22.99. Mimi nimevutwa zaidi na lile fungu la nne. Chokoleti zilikuwa mbili vilevile. Kilichoongezeka ni kule kugeuka, na ukarimu wa namna hiyo hakuna daftari la mauzo ambalo lingeutambua kama mtu asingeutengea fungu lake.

Lakini tofauti iliyothibitika haimwambii mtu anachopaswa kutaka. Ronald Milliman alichapisha mwaka 1986 habari za mkahawa mmoja wa eneo la Dallas na Fort Worth huko Texas, ambako katika usiku wa Ijumaa na Jumamosi, kwa majuma manane mfululizo, muziki wa polepole na wa haraka ulipokezana. Walaji waliosikia wa polepole walikaa mezani wastani wa dakika 56, na wa haraka dakika 45. Fedha za chakula zilikuwa dola 55.81 na 55.12, tofauti isiyokuwa na uzito. Lakini fedha za vileo zilikuwa dola 30.47 na 21.62. Basi faida yote ya ule utulivu ilitoka baa. Mwenye mkahawa wa Lamu au Unguja asiyeuza kileo, ambaye saa saba mchana watu wamesimama mlangoni wakingoja nafasi, akizisoma tarakimu hizohizo atakuta zamnasihi kinyume: chakula chalipa takriban sawasawa, na meza hupatikana dakika 11 mapema. Naye asiichukue nasaha hiyo kutoka Texas mpaka aijaribu kwa meza zake mwenyewe, siku zipangwe kwa kura, na Ramadhani ihesabiwe mbali.