Uchungu wa Chai Si Ushahidi

Ipo tabia moja hapa kwetu Kolandoto, na nimeikuta pia kwa ndugu zetu wa machimboni Geita. Mtu akinywa chai ya majani ya porini, akakunja uso na kutikisa kichwa, husema, "Hii ndiyo dawa." Chai ikiwa tamu, huiita kiburudisho tu. Uchungu umefanywa shahidi, tena shahidi asiyeulizwa swali. Mimi nimeamua kumuuliza. Nimezinywa chai hizo moja moja, bila sukari, kwa maji yale yale na sufuria ile ile, na kila moja nimeipa hukumu mbili: ya ulimi, na ya faida yake mwilini. Ndugu msomaji, utaona kwamba hukumu hizi mbili haziendi pamoja.

Nianze na mchaichai, kwani hauhitaji safari. Huota nyuma ya jiko. Kosa la wengi ni kuuchemsha mpaka utoe ladha ya nyasi kavu. Katakata majani mabichi, uyatie katika maji yaliyokwisha kuchemka, ufunike kwa dakika tano. Harufu itakufikia kabla ya kikombe, na ukiwa na sahani ya michembe pembeni hutatamani kitu kingine. Faida yake ni kwamba jioni unapata kinywaji cha moto kisichokunyima usingizi. Sidai zaidi ya hapo, na sioni kwa nini kinywaji kitamu kilazimishwe kuwa tabibu.

Choya ni jambo jingine. Ukali wake unakaribia ule wa ukwaju, na wekundu wake unapendeza macho. Wauzaji huuharibu kwa sukari nyingi, na hapo mwenye kuufuata kwa ajili ya afya amekwisha kupunjwa. Lakini choya una ushahidi wa kupimwa. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2010, watu 65 wenye presha iliyoanza kupanda au iliyopanda kidogo, ambao hawakuwa wakitumia dawa, waligawanywa makundi mawili. Walionywa vikombe vitatu kwa siku kwa wiki sita walishuka wastani wa pointi 7 hivi katika namba ya juu; waliopewa kinywaji cha kufananisha walishuka pointi 1 tu. Hiyo ni faida ya kweli, nayo ina mpaka wake. Mwenye presha ya 180 akipunguziwa 7, bado yuko hatarini.

Kwa ulimi wangu, mshindi ni majani ya mjafari, ambao wengi Usukumani huuita mlungulungu. Ukiyafikicha majani yake yananukia kama ganda la chungwa, na chai yake huacha msisimko mdogo kwenye ulimi. Gome lake ni chungu hasa, na kwa sababu hiyo ndilo linalotafutwa na wanaoutaka kwa homa. Hapo uchungu unatugharimu mara mbili: tunapoteza ladha, na tunaupoteza mti, maana ukiubandua gome kuuzunguka, unakufa. Mkoa wa Shinyanga ulikwisha kufyekwa miti mpaka mpango wa HASHI ukaanzishwa mwaka 1986 na ngitili zikafufuliwa. Si busara kuurudisha msitu kwa jasho na kuumaliza kwa panga.

Mwarobaini unasifiwa kwa kutibu maradhi arobaini, na jina lake ndilo tangazo lake. Kikombe chake ni uchungu mtupu, hauna harufu ya kuusindikiza. Tena tunauita dawa ya asili ya kwetu, ilhali mti wenyewe ulitoka upande wa India, kama ulivyotoka mlonge. Huo mlonge majani yake ni mboga nzuri yenye lishe. Kuyafanya chai ni kuchagua njia dhaifu ya kuyala.

Nimeiacha artimisia mwisho kwa sababu ndiyo yenye hatari kubwa. Mwaka 2020, wakati wa korona, kinywaji chake kilikuja kutoka Madagaska kwa shangwe. Ni chungu, kina harufu kali ya dawa, na watu waliridhika. Ni kweli kwamba mmea huu ulizaa dawa ya malaria, na mtafiti wa China, Tu Youyou, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kazi hiyo. Lakini yeye alifanikiwa alipoacha kuuchemsha, akautoa kiini chake bila moto mkali. Kiini hicho hakiyeyuki vizuri majini. Kikombe hakina kipimo cha kutosha kumaliza vimelea, na kipimo pungufu huvifundisha kuhimili dawa. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani halishauri kutibu malaria kwa chai hiyo. Katika kanda hii ya Ziwa, mtoto mwenye homa hana siku tatu za kusubiri majaribio yetu.

Tulikwisha kuona kikombe cha Loliondo mwaka 2011, kwa shilingi 500, na foleni za magari, na watu walioweka kando dawa zao. Nami nimeliona jambo hilo nyumbani. Shangazi yangu, mwenye presha ya miaka mingi, alifungia vidonge kabatini akashika mwarobaini. Nilipomuuliza alinijibu, "Mwanangu, vidonge havina ladha. Kitu kisicho na ladha kitanitibuje?" Sikubishana naye. Nilimwomba twende tukapime, akakubali, na namba zilikuwa mbaya. Alirudia vidonge siku hiyo hiyo. Sasa anakunywa choya pia, bila sukari, kwa ruhusa ya daktari.

Jibu lile la shangazi si la kuchekwa. Limebeba imani ya wengi, kwamba mwili hutambua tiba kwa ulimi. Ulimi ni hakimu mwema wa mchaichai na mjafari, tumwachie kazi hiyo. Habari ya presha tuipeleke kwenye mashine, na habari ya malaria kwenye tone la damu. Hapa Kolandoto tuna hospitali tangu mwaka 1913. Njia ya kwenda kupima tunaijua. Tunywe chai zetu kwa kuwa ni tamu, na zile chungu tuzidai ushahidi kabla ya kumpa mgonjwa.