Ndege Juu ya Kinamasi: Namna ya Kutambua Kipimo Kizuri cha Methani

Ukiletewa takwimu ya methani iliyopimwa kwa ndege, usikimbilie kuuliza ni tani ngapi. Uliza kwanza upepo ulikuwa unatoka wapi siku ile. Ndege huonja hewa iliyokwisha kupita juu ya kinamasi, na kazi yote ya fundi ni kukuthibitishia kwamba gesi aliyoinasa imetoka kwenye matope na mafunjo yale, wala haikupeperushwa kutoka kwenye moto wa nyika au zizi la ng'ombe.

Mfano wa kujifunzia hauko mbali. Mwanzoni mwa 2019 ndege ya utafiti ya Uingereza aina ya BAe-146, yenye injini nne, ilifanya kazi Uganda na Zambia. Huko Zambia ilipita juu ya Bangweulu, Kafue na Lukanga, na ikakuta methani nyingi zaidi kuliko ilivyokadiriwa na miundo ya kompyuta. Matokeo kama hayo huamsha ubishi, na hapo ndipo ubora wa kipimo unapojulikana.

Anza na hewa ya kabla. Hewa ya kawaida tayari ina methani ya karibu sehemu 1,900 kwa kila bilioni. Kinamasi huongeza kidogo tu juu ya hapo. Ripoti inayojumlisha gesi ya kinamasi kizima bila kuonyesha hewa ilikuwaje kabla ya kukifikia, mimi huiweka kando bila kusoma ukurasa wa pili.

Kisha kimo. Hapa Arusha tuna bahati ya kuliona jambo hili kwa macho. Panda Mlima Meru hadi Saddle Hut, mita 3,570, alasiri ya kiangazi isiyo na mawingu, utazame tambarare za kuelekea Kilimanjaro. Mara nyingi utaona vumbi na moshi vimeishia kwenye mstari, na juu yake hewa ni safi. Gesi ya kinamasi nayo huchanganyika chini ya mstari wa namna hiyo. Rubani anayeijua kazi hupita mara kadhaa katika vimo tofauti, kisha hupanda mpaka auvuke. Aliyepita kimo kimoja na kukisia mengine amejiweka pabaya: akikosea mita 500 katika tabaka la mita 1,500, theluthi ya jibu lake imekwenda na maji.

Vifaa navyo vina mtihani wao. Ndege ikienda mita 100 kwa sekunde, kifaa kinachochelewa sekunde kumi kimeshachanganya kilomita nzima ya kinamasi na mashamba ya jirani. Tafuta pia habari za mitungi ya gesi ya rejea, yenye kiwango kinachojulikana, ambayo kifaa hujaribiwa nayo hata kikiwa angani. Kipimo kisicho na rejea ni sawa na mizani ya sokoni isiyo na muhuri wa Wakala wa Vipimo: huenda ni sahihi, lakini nani atajua?

Moto hukamatwa kirahisi, maana methani yake husafiri pamoja na monoksidi ya kaboni. Chupa za hewa zinazopelekwa maabara husaidia pia, kwa sababu methani ya vijidudu vya matopeni ina kaboni-13 kidogo kuliko ya nyasi zilizoungua. Ng'ombe ndiye mgumu. Methani yake pia hutengenezwa na vijidudu, kwa hiyo mtafiti asiyekuonyesha mifugo ilikuwa wapi siku ile hajamaliza kazi.

Tena si kila kinamasi kinastahili ndege. Ngurdoto na Momella, hapa chini ya Meru, ni padogo, na mlima huupindapinda upepo. Pale afadhali mtu akae na chemba iliyofunikwa juu ya maji, avute hewa kwa sirinji. Ndege ipelekwe kwenye upana: Malagarasi-Muyovozi, au Kilombero ya Morogoro.

Na ukikuta ripoti iliyochukua alasiri moja ya Februari ikaizidisha kwa siku 365, irudishe kwa mwenyewe. Kinamasi cha masika na cha kiangazi havitoi gesi sawa.