Remi na Wenzake wa Chuoni

Mwezi wa Novemba 1962, Kampala ikiwa ingali katika furaha ya uhuru wa Uganda uliopatikana mwezi uliotangulia, wanafunzi wa Chuo cha Makerere walicheza The Black Hermit katika jumba la michezo la taifa. Mtungaji alikuwa mwenzao, James Ngugi, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Ngũgĩ wa Thiong'o. Wachezaji hawakuwa wa kabila moja, wala wa nchi moja. Na mchezo wenyewe ulishutumu ukabila. Basi yafaa kuuliza kama maisha yao ya pamoja yameingia katika mchezo.

Makerere ya siku zile ilikusanya vijana wa Uganda, Kenya, Tanganyika na Unguja, na mashindano ya fasihi ya Kiingereza yalifanywa baina ya bweni na bweni. Ngugi aliyatungia michezo mifupi. Katika mashindano ya namna hiyo Mkikuyu humtakia ushindi Mganda wa bweni lake, na Mkikuyu mwenziwe wa bweni la pili humtakia kushindwa. Umoja huo ni mdogo, pengine wa kitoto, lakini hupatikana kwa kutenda, bila mahubiri.

Katika mchezo, umoja huo haumo. Sehemu ya kwanza yaonyesha kijiji, ya pili mji, ya tatu kijiji tena. Remi ndiye wa kwanza katika kabila la Marua kupata elimu ya juu, lakini chuo kilichompa elimu hiyo hakionekani jukwaani. Wazee wamtaka awaongoze, mchungaji amtaka kwa ajili ya kanisa, naye arudi kuwakemea wote kwa maneno makali. Msikilizaji hajui maneno hayo aliyapata wapi, wala aliishi vipi na watu wasio wa kabila lake. Kwa hiyo chuki yake juu ya ukabila yasikika kama somo lililokaririwa.

Hata hivyo mahali pamoja mtungaji ameona mbali. Huko mjini Remi ana mpenzi Mzungu, Jane, na kwa muda mrefu amemficha kwamba ameoa: Thoni, mjane wa kaka yake, angali kijijini akimngoja. Urafiki wao wavuka mpaka wa rangi, lakini haukufika nyumbani kwa Remi. Kila mwanafunzi aliyekaa bweni la watu mchanganyiko ajua usuhuba wa aina hii, ambapo watu hucheka pamoja usiku kucha bila kuulizana habari za kwao. Thoni ajiua, na ndipo barua yake yamjulisha Remi kwamba alimpenda. Hapa mchezo wauma kuliko katika hotuba zake zote.

Kiingereza kiliwawezesha wachezaji wale kukutana. Nyobi, mama wa kijijini, alia kwa Kiingereza, na jambo hilo laudhi kidogo. Mwaka 1977 Ngũgĩ alitunga Ngaahika Ndeenda pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, kwa Kikuyu, ukachezwa Kamĩrĩĩthũ na wakulima na wafanyakazi wa hapo. Humo mama alia kwa lugha yake. Lakini Mganda yule wa bwenini angehitaji mkalimani.